Asili ya Uhai na Imani ya Mwislamu

Tumeulizwa na vijana wa Myanga, katika Bungoma: Mwislamu asomeshwaye skuli kuwa viumbe vimegeuka zama baada ya zama, afanyeje? Na hoja iitwayo ya Mbuni Mwenye Akili, aishike?

Jawabu: Yapasa kwanza kupambanua mambo mawili. Moja ni namna uhai ulivyoanza. La pili ni namna viumbe vilivyogeuka baada ya kuwapo. Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alieleza hili la pili. Ama la kwanza, wataalamu wangali wakilitafuta. Mwaka 1953 Stanley Miller, huko Chicago, alipitisha cheche za umeme katika mvuke na hewa nyinginezo, akapata baadhi ya vitu ambavyo miili hujengwa kwavyo. Kilicho hai hakupata.

Wenye hoja ya Mbuni husema: Hapa elimu imekwama, basi hapa ndipo pa Mungu. Mwaka 2005 mahakama moja ya Marekani, katika Pennsylvania, ilihukumu kuwa hoja hiyo ni ya dini, si ya sayansi. Sisi twaiona ina ila hata katika dini, kwani yampa Mungu yale tusiyoyajua tu. Kila lijulikanapo jambo, imani yapungua. Mvua twajua inavyofanyika, nayo ni rehema Yake. Mtoto twajua anavyokua tumboni, naye ni kiumbe Chake.

Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga Makumbusho ya Nairobi kuonyesha mifupa ya kale kuwa ni asili ya binadamu. Miongoni mwayo ni ile ya kijana wa Turkana, aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome. Tusiwaige. Qur'ani yatuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame uumbaji ulivyoanza. Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, katika karne ya 19, alisema kuwa jambo hili likithibiti kwa yakini, aya zaweza kufasiriwa kwa mujibu wake. Ama Nabii Adam, kuumbwa kwake twakuamini kwa wahyi, wala mfupa hauthibitishi hayo wala hauyabatilishi.

Basi vijana, someni wala msiogope. Nanyi wazazi, msimwite kafiri mtoto aulizaye. Afukuzwaye chuoni kwa swali lake, atajibiwa na wengine.

Wallahu aalam.