SOMO KWA WATABIBU WA MENO: KUZIBA JINO PASIPO KULICHONGA KUPITA HAJA

Somo hili linaelekezwa kwa madaktari wa meno, madaktari wasaidizi na watumishi wengine wa afya ya kinywa walioko hospitalini na vituoni, Unguja na Pemba. Wazee wenye watoto wa skuli nao wanaombwa walisome, kwani baadhi ya maelezo yake yanawahusu. Madhumuni yake ni kueleza kwa ufupi mambo yaliyobadilika katika kazi ya kuziba meno, sababu za mabadiliko hayo, na namna mtumishi anavyoweza kujiendeleza akiwa kazini.

1. Kwa nini tujifunze upya

Jino la utu uzima likishang'olewa halioti tena. Hali kadhalika, sehemu ya jino iliyochongwa hairudi. Kila kizibo kinapochakaa na kubadilishwa, tundu huwa kubwa zaidi na kuta za jino huwa nyembamba zaidi, hata mwisho jino huvunjika au likalazimika kung'olewa. Kwa hiyo mkono unaoziba jino kwa mara ya kwanza ndio unaoamua, kwa sehemu kubwa, umri wa jino hilo. Aliyehitimu chuo miaka mingi iliyopita alifundishwa kwa mujibu wa dawa zilizokuwapo wakati ule. Dawa zimebadilika, na kanuni nazo zimebadilika.

2. Kanuni ya zamani na kanuni ya sasa

Mwaka 1908 mwalimu mashuhuri wa Marekani, G. V. Black, alichapisha kitabu ambacho kilitawala ufundishaji wa kazi hii kwa miongo mingi. Alielekeza kwamba tundu lipanuliwe hadi kwenye sehemu zilizo salama ili uozo usirudi pembezoni, na lichongwe kwa umbo litakaloishika dawa isitoke. Maelekezo hayo yalikuwa na sababu, kwani amalgamu haigandi kwenye jino, bali hushikwa na umbo la tundu peke yake.

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionesha kuwa enameli ikipakwa asidi hupata mikwaruzo midogo sana ambayo dawa ya plastiki hupenya na kushika. Kutokana na ugunduzi huo na utafiti uliofuata zikapatikana dawa ziitwazo kompositi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko London, Alan Wilson na Brian Kent walitoa saruji ya glasi ayonoma, ambayo hugandana na jino kwa nguvu ya kikemia na hutoa madini ya floridi. Dawa inapogandana na jino, haja ya kupanua tundu huondoka.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mapendekezo ya pamoja kuhusu uondoaji wa uozo. Kingo za tundu zisafishwe mpaka zifikie sehemu ngumu, ili kizibo kifunge barabara. Lakini uozo ukiwa umekaribia kiini cha jino, dentini laini kidogo iachwe pale chini kuliko kukitoboa kiini. Bakteria waliofungiwa humo hukosa sukari na kudhoofika, na jino lenyewe hujenga ukuta mpya wa ndani. Ikumbukwe kuwa kanuni hii ni ya jino ambalo kiini chake bado ki hai. Jino linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha katika ufizi, lisifungwe kwa njia hii.

3. Suala la zebaki

Takriban nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, nchi wanachama zinatakiwa zizuie, au zishauri isitumike, amalgamu katika meno ya utotoni, kwa wagonjwa wa chini ya miaka 15, na kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtabibu anapoona kuwa hali ya mgonjwa inalazimisha. Mwezi wa Novemba 2025 nchi hizo zilikubaliana kuacha kabisa matumizi ya amalgamu ifikapo mwaka 2034.

Wananchi wenye vizibo vya rangi ya fedha wasiingiwe na hofu. Kizibo kilicho kizima hakina haja ya kutolewa, kwani kukichonga ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki, na jino nalo hupungua bure.

4. Kuchagua dawa inayofaa

Kompositi ni imara na hufanana na rangi ya jino, lakini ina masharti. Jino lazima liwe kavu kabisa, bila mate wala damu. Asidi isikae juu ya dentini zaidi ya sekunde 15. Dawa iwekwe kwa tabaka zisizozidi milimita 2, na kila tabaka imulikwe kwa taa ya mwanga wa buluu. Taa iliyopungua nguvu hugandisha juu tu, na chini hubaki laini. Mgonjwa huondoka ameridhika, na baada ya miezi jino huoza chini ya kizibo.

Glasi ayonoma haina nguvu kama hiyo, lakini hujigandisha yenyewe bila taa. Hapa kwetu jambo hili si dogo. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi. Mtumishi anayejua njia moja tu, inayotegemea umeme, siku kama hizo hubakiwa na koleo la kung'olea.

5. Kuziba kwa vifaa vya mkono

Njia hii ilianzia nchini mwetu Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 daktari wa Kiholanzi, Jo Frencken, aliijaribu katika kazi ya afya ya msingi ya meno. Baadaye ilifanyiwa utafiti nchini Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza katika Siku ya Afya Duniani. Hatua zake ni hizi:

(a) Mlaze mgonjwa juu ya meza au benchi, uweke misokoto ya pamba kuzuia mate, na usafishe jino.

(b) Panua mdomo wa tundu kwa patasi ndogo ya meno, kisha uondoe uozo laini kwa kijiko cha kukwangulia. Anza na kingo, umalizie chini. Aghalabu sindano ya ganzi haihitajiki.

(c) Paka kimiminika cha kuandaa jino kwa sekunde 10 hadi 15, uoshe kwa pamba yenye maji, ukaushe kwa pamba kavu.

(d) Changanya unga na maji yake kwa kipimo cha mtengenezaji. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi ndio chanzo kikubwa cha vizibo dhaifu.

(e) Jaza tundu pamoja na mifereji ya jino iliyo jirani, kisha ukandamize kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini.

(f) Pima mng'ato, uondoe ziada, na umwagize mgonjwa asile kwa muda wa saa moja.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa katika meno ya utotoni vizibo vya upande mmoja vilidumu kwa miaka miwili kwa kiasi cha asilimia 93. Vizibo vya pande mbili au zaidi vilikuwa asilimia 62 tu. Basi njia hii itumike zaidi pale inapofaa, yaani kwenye tundu la upande mmoja.

6. Watoto wadogo

Kwa gego la utotoni lililooza pande nyingi, ipo njia iliyotoka Uskoti ya kulivika kofia ya chuma cha pua bila kuchonga na bila sindano. Ipo pia silva diamini floridi ya asilimia 38, inayopakwa tu ili kusimamisha uozo. Dawa hii na glasi ayonoma ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini silva diamini floridi hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi daima. Mzazi aelezwe na akubali kabla ya kupakwa, kwani mama asiyearifiwa atadhani jino la mwanawe limeharibiwa, na hatarudi tena kituoni.

7. Kujiendeleza kituoni

Mafunzo ya darasani hayatoshi yasipofuatwa na mazoezi. Kila mtumishi anashauriwa:

– kuandika daftarini tarehe, jino, upande na dawa iliyotumika, na kumwita mgonjwa baada ya miezi sita na baada ya mwaka, ili aone kizibo chake mwenyewe kimefikia wapi;
– kufanya mazoezi juu ya meno yaliyong'olewa na kutakaswa;
– kujaribu taa yake mara kwa mara: jaza kompositi katika kibomba kifupi, mulika kwa muda wa kawaida, itoe, ukwangue iliyo laini. Nusu ya urefu uliobaki mgumu ndio kina unachoweza kukitegemea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu ukuta wenyewe haujengeki tena, na kwa hiyo ufa uzibwe mapema na uzibwe vyema.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini amalgamu ilihitaji tundu pana kuliko glasi ayonoma?
2. Taja dalili mbili za jino lisilofaa kufungiwa uozo ndani yake.
3. Mtoto wa miaka minane ana tundu la upande mmoja katika gego la utu uzima, na kituo hakina umeme. Utafanya nini, kwa hatua zipi?
4. Utamweleza nini mzazi kabla ya kumpaka mwanawe silva diamini floridi?