Meya anang'olewa, sisi tufanye nini?

SWALI: Naishi Ipogolo, Iringa. Tukisikia madiwani wanataka kumng'oa meya tunayeridhika naye, wananchi tunaweza kumtetea vipi?

JIBU: Ndugu yangu, anzeni kwa diwani wenu. Meya huchaguliwa na madiwani na huondolewa na madiwani, kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza. Umati ukijaa barabarani na kura za ukumbini zikabaki zilezile, anaondoka.

Iringa mnalijua hilo. Alex Kimbe wa Chadema aling'olewa umeya Machi 2020, baada ya baadhi ya madiwani wa chama chake kuhamia CCM. Hesabu ya baraza ilikuwa imebadilika kabla ya kikao.

Kwa hiyo hesabuni nyinyi pia: diwani gani ana msimamo, nani anayumba. Anayeyumba afuatwe na wapiga kura wa kata yake mwenyewe, kwa heshima, wakiwa na barua yenye majina na saini zao. Msimpe fedha wala kumtisha. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmeiharibu kesi ya meya wenu. Ombeni kujua tuhuma zilizoandikwa dhidi ya meya, kisha mzijibu moja moja kwa ushahidi: risiti, picha za barabara, mihtasari ya vikao. Mimi naiamini kazi hii kuliko mabango.

Mkitaka mkutano wa hadhara, polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Siku ya kikao cha baraza, nendeni mkakae ukumbini kwa utulivu. Diwani apige kura akiwaona.