Upatu wa Kina Mama na Programu ya Vitu: Somo Kutoka Flemingdon Park

Toleo hili nimeombwa niandike somo la kompyuta kwa Kiswahili, somo ambalo mtu akilianza kwenye basi alielewe kabla hajashuka. Nimekubali, ila itabidi nianze na aibu yangu, maana somo lenyewe lilitoka humo.

Desemba 2022 nilifeli mtihani wa kuandika programu kwa mtindo wa vitu. Sio kwamba sikusoma. Nilikesha. Maana zote nilikuwa nazo kichwani: klasi ni kiolezo, kitu ni kile kinachotengenezwa kutokana na kiolezo, klasi moja inaweza kurithi nyingine. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia. Lakini ukiniuliza vyote hivyo ni vya nini, nakukodolea macho.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Flemingdon Park, Toronto. Kwa wasiopajua: unapanda basi namba 100 kutoka stesheni ya Broadview, unavuka bonde la mto Don, unashushwa katikati ya maghorofa marefu yaliyoanza kujengwa kwenye miaka ya 1960. Kila lugha imo kwenye lifti: Kiurdu, Kidari, Kitamili, Kitagalogi. Na usishangae ukiamkiwa kwa Kiswahili na mzee wa Kihindi, maana Waismailia wengi kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walihamia Kanada baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na baadhi yao walifikia pande hizi. Jumba la makumbusho la Aga Khan, lililofunguliwa 2014, unafika kwa miguu.

Aibu yenyewe

Shangazi na wenzake walikuwa na upatu. Watu kumi, kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anaondoka na dola 1,000. Hesabu zao zilikuwa kwenye daftari la mhazini, mama mmoja wa Mombasa. Mimi kwa kujitia msomi nikawaambia, "Daftari la nini dunia ya leo? Nitawaandikia programu." Wakafurahi jamani. Mtoto wetu anasomea kompyuta!

Nikaandika programu yenye orodha tatu. Ya kwanza majina, ya pili michango, ya tatu zamu za kupokea. Jina la tano kwenye orodha ya kwanza lilikwenda na mchango wa tano kwenye orodha ya pili, na zamu ya tano kwenye ya tatu. Ikafanya kazi vizuri Januari 2023.

Kisha mama wa nne akajitoa kabla hajalipa kitu, amehamia mji mwingine. Nikafuta jina lake. Nikasahau kufuta sifuri yake kwenye orodha ya michango. Hebu fikiri kilichotokea: mama wa tano sasa akawa wa nne kwenye majina, akakutana na sifuri ya mwenzake aliyeondoka. Kwenye kikao cha Februari laptopu yangu ikaonyesha, mbele ya watu, kwamba hajalipa. Wengine wote hawakuonekana na tatizo, kwa sababu walikuwa wamelipa sawasawa. Hata mchango wa mwenzao ukisogea kwao huoni tofauti.

Yule mama alikuwa amelipa. Alikuwa analipa kutoka kwenye kazi ya kusafisha ofisi usiku. Watu wakaanza kutazamana. Mhazini akafungua daftari lake, akakuta tiki, mambo yakaisha. Lakini mama hakuzungumza na mtu hadi kikao kinafungwa. Mlangoni akaniambia taratibu, "Mwanangu, daftari halijawahi kuniita mwongo."

Ile sentensi iliniuma kuliko sifuri ya chuoni.

Kozi ya ufundi

Shangazi ndiye aliyeniambia kuna kozi ya ufundi ya jioni, wiki kumi na mbili, kwenye ukumbi mmoja hapo hapo mtaani. Nikanuna. Mnajua tulivyolelewa: kwetu ukisikia fulani "kaenda ufundi" unadhani kakosa namba ya kidato cha tano. Tanzania tuna VETA tangu 1994, na bado wapo wazazi wanaona haya kusema mtoto wao yuko huko. Sasa mimi mtu wa chuo kikuu nikakae na madereva teksi na mama wa Kiafghani mwenye watoto watatu?

Nikaenda. Siku ya kwanza mwalimu, mtu aliyekuwa akiandika programu mchana na kufundisha usiku, alitukataza kufungua kompyuta. Akagawa kadi tupu. Kila kadi iandikwe mambo matatu: jina la klasi, majukumu yake, na washirika inaofanya nao kazi. Baadaye nikajua mbinu hiyo ilielezwa na Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1989, kwa ajili hasa ya kuwafundisha watu kufikiri kwa vitu. Halafu tukasimama, kila mtu na kadi yake, tukaigiza programu kama mchezo wa kuigiza. Yule mama wa Kiafghani alikuwa akaunti ya benki. Nikamwambia, "Naongeza hamsini kwenye salio lako." Akaficha kadi nyuma ya mgongo. "Huongezi wewe. Niambie, niongeze mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Sasa tuingie darasani.

Somo la kwanza: vinavyokwenda pamoja vikae pamoja

Kosa langu la upatu halikuwa kusahau tu. Mtu yeyote husahau. Kosa lilikuwa kumkata mama mmoja vipande vitatu, jina huku, pesa kule, zamu kwingine, halafu nikategemea kumbukumbu yangu kuviunganisha kila siku. Mtindo wa vitu unasema: mtengeneze mwanachama mmoja mzima. Jina lake analo, michango yake anayo, zamu yake anayo. Akiondoka, anaondoka na vyake vyote. Hakuna sifuri inayobaki nyuma kumsubiri jirani.

Klasi ni maelezo ya mwanachama yeyote yule anavyokuwa. Kitu ni mama fulani mwenyewe, na pesa zake.

Somo la pili: usitie mkono kwenye mfuko wa mtu

Hii ndiyo kadi nyuma ya mgongo. Tazameni mistari hii ya Java (nimeacha jina na zamu kuokoa nafasi):

    class Mwanachama {
        private int jumla = 0;

        int fungu() {
            return 100;
        }

        void changa() {
            jumla = jumla + fungu();
        }
    }

Neno `private` ni kufuli. Sehemu nyingine ya programu haiwezi kuandika jumla ya mtu iwe sifuri, wala iwe elfu. Inaweza tu kumwambia, "changa," naye anajiongezea mwenyewe kwa utaratibu unaojulikana. Faida yake unaiona siku kosa likitokea: badala ya kupekua mistari yote, unatazama mahali pamoja. Kwenye upatu ni hivyo hivyo, sanduku anashika mhazini, na ikipungua shilingi mnajua wa kumuuliza.

Somo la tatu: urithi na sura nyingi

Nafasi ya mama aliyehama ilichukuliwa na dada wawili waliogawana fungu moja, kila mmoja dola 50. Programu yangu ya zamani ingehitaji kuulizwa kila mahali, "Je, huyu ni nusu au mzima?" Kwa mtindo wa vitu nikaandika hivi:

    class MwanachamaNusu extends Mwanachama {
        int fungu() {
            return 50;
        }
    }

Basi! MwanachamaNusu amerithi kila kitu cha Mwanachama, isipokuwa fungu lake ni jingine. Mwisho wa mwezi programu inapita kwa watu kumi na moja ikisema neno lile lile:

    for (Mwanachama m : wanachama) {
        m.changa();
    }

Tisa wanaweka 100, wawili wanaweka 50, jumla 1,000. Mtoa amri hana haja ya kujua nani ni nani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili jambo hili tunalo mdomoni tangu utotoni. Unasema kitabu kimeanguka, mti umeanguka, mtoto ameanguka. Kitendo ni kimoja, kila jina linakiitikia kwa ngeli yake. Sasa mchukueni kiboko. Kwa umbo ni KI-VI, kiboko na viboko, sawa na kitabu na vitabu. Lakini husemi kiboko kimelala, unasema kiboko amelala. Amechukua umbo la ngeli yake, ila kwenye upatanisho ana sheria yake kwa sababu ana uhai. MwanachamaNusu ni kiboko wetu. Ila msiupeleke mfano huu mbali: ngeli hazirithiani kama klasi zinavyorithiana. Utumieni kama ngazi, mkishapanda muiache.

Somo la nne: "ni" na "ana"

Mwalimu alitupa kipimo. Ukiweza kusema hiki *ni* kile, fikiria urithi. Ukisema hiki *kina* kile, usirithishe, weka kimoja ndani ya kingine. Kikundi kina wanachama. Kikundi si mwanachama.

Nikajiona nimeelewa. Mhazini ni mwanachama, si ndiyo? Nikaandika klasi ya Mhazini inayomrithi Mwanachama. Mwezi wa Mei mama wa Mombasa akasafiri nyumbani, uhazini ukachukuliwa na mwingine, nami nikakwama. Kwenye Java kitu kikishazaliwa na klasi yake hakibadiliki. Ingebidi "nimuue" yule mama na kumzaa upya akiwa mwanachama wa kawaida, nihamishe na michango yake, yaani nirudie hatari ile ile ya Februari.

Kumbe kipimo cha "ni" hakitoshi. Ongeza swali: je, atakuwa hivyo muda wote programu inapomhitaji? Fungu la nusu halibadiliki mpaka mzunguko uishe, kwa hiyo urithi ulikubalika. Uhazini ni cheo, leo unacho kesho hunacho. Kikundi *kina* mhazini, na mhazini huyo ni mwanachama yeyote atakayeteuliwa. Nikafuta klasi nzima, nikaweka mstari mmoja ndani ya Kikundi.

Walioanza

Msidhani haya yamezuka na simu za kisasa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza lugha ya Simula huko Oslo, na Simula 67 ndiyo iliyoleta klasi na urithi. Walitaka kuigiza mifumo halisi ndani ya kompyuta, ndiyo maana vitu vyao vilifanana na vitu vya duniani. Walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Alan Kay na wenzake wa Xerox wakaja na Smalltalk miaka ya 1970, na Java ilitolewa na Sun mwaka 1995, ikiongozwa na James Gosling, mzaliwa wa hapa Kanada. Watu wa Simula walianza na dunia wakaenda kwenye kompyuta. Mimi chuoni nilikuwa nimeanza na maneno ya kompyuta, dunia nikaisahau.

Ushauri kwa wenzangu

Kwanza, kabla ya kugusa kompyuta chukua kadi na uigize, hata na mwenzako wa chumbani. Kadi yenye majukumu kumi ni dalili kwamba klasi hiyo imebebeshwa mzigo wa wengine, igawe. Pili, tafuta hesabu ya kweli ya watu wa kweli: duka, upatu, timu ya mpira. Mfano wa kitabuni haukusemeshi mlangoni. Tatu, usidharau kozi ya ufundi. Haikunipa shahada wala sikuidai. Ilinipa mikono, na mtihani nilipourudia nikafaulu.

Julai nikaleta programu mpya kwenye kikao. Yule mama wa Februari akasema sawa, lakini iende sambamba na daftari miezi mitatu kwanza. Kila mwezi alivaa miwani yake akalinganisha mwenyewe, mstari kwa mstari, jina lake la mwisho kabisa. Mwezi wa tatu akafunga daftari, akanisogezea sahani ya mahamri. Daftari analo hadi leo, na sijamwambia alitupe.

Zoezi

1. Mama mmoja anataka mafungu mawili, yaani dola 200 kila mwezi. Andika klasi yake. Ikizidi mistari mitano, rudi somo la tatu.
2. Mwezi huu mtu ameleta dola 60 badala ya 100. Methodi ya `changa` hapo juu haimjui mtu huyo. Ibadilishe, na kufuli libaki palepale.
3. Mwenyekiti wa chama chenu cha wanafunzi: ni klasi, au ni cheo ndani ya chama? Jadilini, msigombane.

Majibu tutayapitia kwenye kikao kijacho cha jumuiya. Njooni na kadi zenu. Wasalaam.