SOMO LA ROBO HII: HIDROJENI NDANI YA MASEGA MADOGO



Katika ziara zetu tumeulizwa zaidi ya mara moja: "Tunasikia habari za hidrojeni. Je, tununue betri mpya za sola za zahanati, au tusubiri?" Swali hili linahusu fedha za sadaka na za wahisani, hivyo tumeona vema tujifunze pamoja.

Tatizo liko wapi?
Umeme wa jua unaweza kuyatenganisha maji, tukapata hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikihifadhiwa, baadaye huweza kutupa umeme tena. Kilo 1 ina nishati ya kama kilowati-saa 33. Lakini ni gesi nyepesi mno: kilo hiyo moja, bila kushindiliwa, hujaza zaidi ya lita 11,000, yaani matangi 11 ya maji ya lita 1,000. Magari yanayoitumia huibeba kwa shinikizo la hadi mara 700 ya lile la hewa ya kawaida. Kuifanya kimiminika kunahitaji baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri.

Njia ya tatu ni kuifunga ndani ya kemikali ngumu. Magnesiamu, kwa mfano, hushika hidrojeni hadi asilimia 7.6 ya uzito wa mchanganyiko. Shida ni kuitoa: hapo huhitajika joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na joto hilo nalo ni gharama.

Masega yanasaidiaje?
Wataalamu huijaza kemikali katika kiunzi chenye vitundu vya nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tufikirie asali ndani ya sega. Faida ni mbili. Kwanza, kama vijiti vinavyoshika moto upesi kuliko gogo, chembe ndogo huachia hidrojeni haraka, kwa kuwa haina safari ndefu ya kutoka ndani. Pili, kuta za vitundu huzuia chembe zisigandamane tena kuwa madonge.

Mwaka 2005, watafiti wa maabara ya taifa ya Pacific Northwest, Marekani, waliijaza amonia-borani katika silika yenye vitundu. Kwa nyuzi 80, nusu ya hatua ya kwanza ya kutoa hidrojeni ilichukua chini ya dakika 10, badala ya dakika 290. Gesi chafu iitwayo borazini, inayoharibu mitambo ya kuzalisha umeme, nayo ilipungua sana. Mwaka 2008, watafiti wengine wa Marekani walitumia kiunzi cha kaboni kuhifadhi kemikali ya lithiamu na boroni. Kwa nyuzi 300, hidrojeni ilitoka hadi mara 50 haraka zaidi.

Gharama yake
Nta si asali, lakini lazima ibebwe. Amonia-borani peke yake ina hidrojeni asilimia 19.6 ya uzito wake. Ikiwekwa katika kiunzi chenye uzito sawa nayo, hubaki asilimia 9.8 ya mzigo wote, na si yote hutoka kwa urahisi. Tena, ikishatumika, haijazwi upya kwa kuisukumia gesi tu; huhitaji kazi ya kiwandani. Ile kemikali ya lithiamu nayo, hata ndani ya kiunzi, ilipoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kila ilipojazwa upya.

Ushauri wetu
Tusisubiri. Sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara, na jokofu la chanjo linahitaji umeme usiku wa leo. Betri zinunuliwe, na fedha ya kuzibadilisha ianze kutengwa sasa. Ikitokea siku mtu akawaletea mtambo wa hidrojeni, mtakuwa mnajua la kumwuliza.

Maswali ya kujadili katika kikao
1. Uzito wa hidrojeni unaotajwa ni wa kemikali peke yake, au pamoja na kiunzi na tangi?
2. Inahitaji joto la nyuzi ngapi, na joto hilo litatoka wapi?
3. Inaweza kujazwa upya mara ngapi, na nani ataijaza?
4. Ikiharibika, fundi aliye karibu yuko wapi?

Maswali haya yanafaa pia kwa betri, pampu na mashine yoyote tunayoletewa. Tunaomba kila kamati iyajadili na kututumia maoni yake.