Nguo Haibani Yenyewe

Wenzangu wa ualimu mnaopanga mabegi ya TP, naomba dakika zenu chache kabla hamjaenda kwa fundi. Kwenye semina ya maandalizi tulifundishwa mengi: azimio la kazi, andalio la somo, zana, namna ya kusimama darasani. Kuhusu mavazi tuliambiwa sentensi moja tu, "vaeni kiheshima," tukaitikia ndiyo, tukatawanyika. Sentensi hiyo ilinifuata mpaka Marangu, ikanisumbua majuma kadhaa, na mwisho ikanifanya nimwonee mtoto wa watu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na sketi mbili. Mimi na mwenzangu tulipangiwa shule moja ya sekondari, tukapanga chumba kimoja kwa bibi mwenye kihamba si mbali na Marangu Mtoni. Kabla ya safari tulinunua kitambaa cha bluu, tukagawana, tukashonewa na fundi mmoja kwa mtindo mmoja: sketi ya kunyooka, inashuka chini ya goti, mpasuo mdogo nyuma. Mwenzangu ni mwembamba. Mimi, wanaonijua wanajua, nina mwili. Hipsi nimerithi kwa mama. Jumatatu ya kwanza tuliingia ofisi ya walimu tumefanana kama mapacha.

Wakati wa chai ya saa nne mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, akaniita pembeni. Hakuwa mkali hata kidogo. "Mwanangu, hiyo sketi inabana. Huku tuna wavulana wakubwa. Kesho jitahidi." Nikasema, "Nimekuelewa mama, nisamehe." Mwenzangu hakuitwa.

Jioni tulizitandaza sketi zote mbili kitandani tukazipima. Urefu ulikuwa sawasawa. Upana, ya kwangu ilizidi kwa inchi tano. Yaani mimi niliyevaa kitambaa kingi zaidi ndiye niliyeonekana nimevaa kidogo. Tulicheka usiku ule, lakini asubuhi sikuivaa.

Hapo ndipo pana somo lenyewe. Neno "fupi" linapimika. Ukichukua futi ya fundi, mimi na wewe tutapata jibu moja. Neno "inabana" halipimiki hivyo. Nguo ikiwa juu ya kamba haibani wala hailegei; inabana ikishamkuta mtu. Sasa kanuni nyingi za mavazi tunazoishi nazo zimejengwa juu ya neno hilo. Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma, na watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi, ambao pamoja na mengine unakataza nguo fupi na nguo za kubana. Ukiusoma unaona unazungumzia nguo. Lakini anayeutekeleza haangalii nguo peke yake, anamwangalia mtu aliyeivaa. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya kitambaa, ila inasomwa juu ya mwili. Kwa hiyo wenye miili fulani huwa na makosa kabla hawajavaa chochote.

Na si wanawake tu. Mwanachuo mwenzetu wa kiume, mrefu mwembamba kama fito, aliambiwa na msimamizi wake avae koti hata saa saba mchana "ili afanane na mwalimu." Shati lake halikuwa na kasoro. Kilichoonekana kupungua ni yeye mwenyewe.

Wanasaikolojia wa elimu wana wazo la taswira ya mwili: ile picha ya mwili wako uliyonayo kichwani. Kwenye mtihani tunaandika kwamba picha hiyo hujengwa na familia, rika na vyombo vya habari, tunapewa maksi. Mimi nilijifunza jinsi inavyofanya kazi. Baada ya onyo lile nikawa navaa sweta kubwa na kujifunga kitenge juu ya sketi. Baridi ya Marangu ikanipa kisingizio. Halafu nikaanza kuogopa kugeuka. Ili uandike ubaoni lazima ulipe darasa mgongo, na mimi mgongo wangu ndio ulikuwa kesi. Nikawa nampa kiranja chaki aandike, mimi nasoma kwa sauti kutoka pembeni. Msimamizi kutoka chuo alipokuja kunikagua aliandika kwamba matumizi yangu ya ubao ni hafifu. Alikuwa sahihi. Hakujua tu kwamba alikuwa akiisahihisha sketi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba pale pale Marangu, hatua chache kutoka shuleni, mwili wangu haukuwa na kosa lolote. Bibi mwenye nyumba alikuwa akinitazama anasema, "Wewe umetunzwa kwenu." Siku moja alinieleza habari za uzazi. Kwa desturi ya Wachagga, mama aliyejifungua hukaa ndani kama miezi mitatu, hafanyi kazi, analishwa: mtori, nyama, maziwa, na zamani mlaso. Akitoka lazima watu waone kwamba alikuwa anakula. Akitoka mwembamba, aibu si yake, ni ya mume na mama mkwe: wamemnyima. Unene wa mama ulikuwa ushahidi wa wema wa ukoo mzima. Basi hipsi hizihizi zilizokuwa heshima kihambani, zikivuka geti la shule zinakuwa utovu wa maadili. Mwili haujabadilika. Aliyebadilika ni anayeusoma.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya urembo, tuzungumzie siasa. Siasa yetu nayo imepita humohumo kwenye nguo. Zanzibar ya karne ya 19, mavazi yalionyesha nani ni mtumwa na nani ni mwungwana. Mtumwa alijulikana kwa merikani na kaniki, na hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakavaa kanga, na baadaye buibui. Kanga ile tunayoiona ya kawaida, ya kufungia mtoto na kwendea dukani, kwao ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu.

Njoo bara, baada ya Uhuru. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lianze kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni minisketi, mawigi, krimu za kujichubua, kaptura fupi mno, na suruali na magauni ya kubana. Lengo lililotajwa lilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Usiangalie orodha peke yake, angalia nani alishikwa. Suruali za kubana za wanaume zilikuwemo, lakini waliozongwa na makundi ya vijana Kariakoo, wakapigwa na kuchaniwa nguo, walikuwa wanawake. Magazeti yakajaa barua za wasomaji wanaobishana. Wapo waliouliza swali ambalo mpaka leo ni gumu: kama tunarudi kwenye utamaduni, mbona mababu zetu walivaa ngozi na magome ya miti, na hawakujifunika sana?

Tena miaka hiyohiyo, huko Arusha, serikali ilikuwa inawataka Wamasai waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na mashati wafanane na raia wa kisasa. Weka mambo hayo mawili pamoja. Msichana wa mjini anaambiwa amekuwa wa kisasa kupita kiasi. Mmasai anaambiwa hajawa wa kisasa vya kutosha. Wote wawili wanaambiwa na walewale, kwa jina la taifa lilelile. Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua kanuni ya mavazi inalinda nini, usianze na orodha ya nguo. Uliza nani anaandika, nani anakagua, na nani anakaguliwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Juma la sita nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa zamu. Asubuhi mstarini nikaambiwa, "Madam, pita kwa wasichana, toa waliobana sketi." Nikapita. Nilijisikia mwalimu kwelikweli. Nikatoa watano, wakasimama mbele ya shule nzima. Wawili wakafagia, watatu wakarudishwa nyumbani kubadilisha. Mmoja wa kidato cha pili alipita karibu yangu akasema taratibu, bila kiburi, "Madam, sketi sijaipunguza. Mimi ndiye nimekua."

Siku hiyo darasa lake lilikuwa na jaribio la hisabati. Hakulifanya. Hakurudi siku hiyo wala kesho yake, kwa sababu hakuwa na sketi nyingine ya kubadilisha.

Nilipokaa kuwafikiria wale watano niliona nilichofanya. Wote walikuwa wasichana wenye miili. Mstari mzima nilikuwa sitazami nguo, natazama miili, halafu naita nguo. Nilimfanyia yule mtoto jambo lilelile nililofanyiwa chai ya saa nne, tena mimi nilifanya hadharani.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi cherehani pale Marangu Mtoni nikamuuliza: utajuaje sketi imebanwa na mwenyewe? Akacheka, akageuza moja ndani nje. Akanionyesha kwamba sketi iliyopunguzwa ina mshono wa pili ndani ya mshono wa kwanza, mara nyingi kwa uzi wa rangi tofauti kidogo, na kitambaa kilichobaki ndani kinakuwa kingi. Ambayo haijaguswa ina mshono mmoja. Na akaniambia jambo la pili: fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa pembeni na kwenye upindo, kwa hiyo mtoto akikua sketi inaachiwa, hainunuliwi mpya. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake ni ndogo kuliko sketi.

Jumatatu nilimwendea mwalimu wa zamu na yule mwalimu aliyenionya. Niliogopa, lakini nilisema kwa adabu: shikamoo, naomba kueleza kosa langu. Nikaeleza habari ya mshono. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Sisi tulikaguliwa hivyohivyo, mwanangu. Hatukuwahi kufikiria mshono." Msichana aliporudi nilimwomba radhi, nikapeleka sketi yake kwa fundi kwa hela iliyobaki ya boom. Mwalimu wa hisabati akampa jaribio peke yake. Nilichoshindwa kurudisha ni ile dakika ya mstarini mbele ya wavulana. Hiyo anayo yeye, na sijui ataibeba mpaka lini.

Sisemi shule ziache kanuni za mavazi. Sare inawasitiri watoto wa wasio nacho wasionekane mbele ya wenye nacho, na mwalimu aliyevaa nadhifu anawaambia wanafunzi kwamba somo lao ni kazi ya maana. Ninachosema ni kwamba sisi tutakuwa wakaguzi miaka thelathini ijayo. Tubebe mambo matatu.

La kwanza, kanuni ipimike. "Sketi ivuke goti" ni kanuni. "Sketi isibane" ni maoni ya anayetazama. Ukiulizwa shuleni usaidie kuandika sheria za sare, andika kinachopimwa kwa futi.

La pili, kagua mshono, usikague mwili. Kabla hujamtoa mtoto mstarini jiulize: mwenzake mwembamba angevaa nguo hiihii, ningemtoa? Kama jibu ni hapana, kosa liko kwenye jicho lako. Na anayestahili kuambiwa aambiwe pembeni.

La tatu, adhabu isimtoe mtoto kwenye somo. Sketi inaweza kusubiri mpaka saa tisa alasiri. Jaribio la hisabati halisubiri.

Na kwetu hapa chuoni, lile bango la getini lenye picha za nguo zilizowekewa alama ya mkasi tunalipita kila siku. Naomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, safari nyingine likijadiliwa, waulize maswali haya haya, na waombe walinzi wafundishwe kupima kabla hawajapewa mamlaka ya kumzuia mtu kuingia kwenye kipindi.

Mimi juma la mwisho niliivaa ile sketi ya bluu, bila kitenge. Niliwapa kidato cha pili mgongo, nikaandika ubao mzima. Walinakili.