Namba ya Toleo Inakuambia Nini? Somo kwa Wanaolipia Usimamizi wa Kompyuta



Shule yenye maabara ya kompyuta, duka la jumla lenye matawi, zahanati binafsi na chama cha akiba na mikopo vina jambo moja vinavyofanana siku hizi: vyote huwalipa mafundi wa nje ili wavisimamie kompyuta na seva. Katika ankara za mafundi hao hukutwa maandishi kama "Ansible 9" au "Salt 3006.4". Walipaji wengi huyapita bila kuyasoma, kwa kudhani kuwa ni mambo ya wataalamu. Somo hili linakusudia kuonesha kwamba namba hizo zinamhusu mlipaji pia, na kwamba kuzisoma hakuhitaji shahada ya kompyuta.

1. Programu hizi hufanya kazi gani?

Zamani fundi alilazimika kukaa mbele ya kila kompyuta na kuipanga peke yake. Kwa programu ya kusimamia usanidi, fundi huandika maelekezo mara moja tu: programu ipi iwekwe, nani aruhusiwe kuingia, mlango upi wa mtandao ufungwe. Programu huyatekeleza maelekezo hayo katika kompyuta zote, ziwe 10 au 1,000.

Ansible na Salt ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuutumia bila kununua leseni. Kwa hiyo, fundi anapokutoza fedha kwa ajili ya programu hizi, unacholipia ni kazi yake na uangalizi wake. Uangalizi huo ndio unaopimwa kwa namba ya toleo.

Ikumbukwe kuwa programu inayoweza kuamuru kompyuta zote ni mfano wa mtu aliyeshika funguo za nyumba nzima. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo haikai chumba kimoja.

2. Namba tatu na maana zake

Programu nyingi huandika toleo lake kwa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta, mfano 4.2.1. Utaratibu unaofuatwa na wengi ulielezwa kwa maandishi na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, nao ni huu:

- Namba ya kwanza hupanda yanapofanyika mabadiliko yanayoweza kuvunja kazi iliyokwisha kuandikwa.
- Namba ya pili hupanda yanapoongezwa mambo mapya bila kuvunja yaliyopo.
- Namba ya tatu hupanda zinaporekebishwa kasoro, zikiwemo za kiusalama.

Herufi kama "b" au "rc" zikifuata namba, hilo ni toleo la majaribio. Halifai kuwekwa katika kompyuta zinazotunza fedha au taarifa za wagonjwa.

Hata hivyo, si kila programu inafuata utaratibu huu kikamilifu. Kiini cha Ansible kilipotoka 2.16 kwenda 2.17 mwaka 2024, namba ya pili ndiyo iliyopanda. Lakini toleo hilo jipya liliacha kusimamia kompyuta zinazotegemea Python 2.7 au 3.6. Mwenye seva za zamani aliyepandishiwa toleo bila kuulizwa angeweza kukuta baadhi ya seva zake hazisimamiki tena. Ni haki yako kumtaka fundi aeleze, kabla ya kupandisha toleo, ni mashine zipi zitaachwa nje.

3. Nukta si desimali

Kosa la kawaida ni kuisoma nukta kama ya hesabu. Katika hesabu, 2.9 ni kubwa kuliko 2.10. Katika matoleo ni kinyume chake. Ansible 2.9 ilitoka mwaka 2019, na 2.10 ikafuata mwaka 2020. Zisome kama sura na aya za kitabu: sura ya pili aya ya tisa, kisha sura ya pili aya ya kumi.

4. Jina moja, namba mbili

Tangu mwaka 2020 Ansible imegawanywa sehemu mbili: kiini, na furushi kubwa linalobeba kiini hicho pamoja na nyongeza nyingi. Kila sehemu ina namba zake. Furushi la Ansible 9 limebeba kiini 2.16, furushi la 10 limebeba kiini 2.17, na la 11 limebeba kiini 2.18.

Sasa chukua mfano wa mlipaji aliyeandikiwa "Ansible 9" katika ankara. Anamwomba fundi amwoneshe, fundi anaandika amri `ansible --version`, na kioo kinaonesha 2.16. Mlipaji huyo anaweza kudhani ameuziwa kitu cha zamani. Hajadanganywa: amri hiyo huonesha namba ya kiini, si ya furushi. Ugomvi wa aina hii huepukwa kwa kuandika namba zote mbili katika mkataba.

5. Namba kubwa si kinga

Hapa tunafikia jambo lenye uzito kuliko yote katika somo hili.

Salt kwa miaka kadhaa ilihesabu matoleo yake kwa tarehe. Toleo 2019.2, kwa mfano, ni la Februari 2019. Mwaka 2020 utaratibu ulibadilika, na toleo lililofuata likaitwa 3000.

Mwishoni mwa Aprili 2020 ilitangazwa kasoro kubwa ya kiusalama katika Salt. Mtu aliyeweza kuifikia seva kuu ya Salt kupitia mtandao angeweza kuiamuru bila nywila, na kupitia hiyo kuziamuru kompyuta zote zilizo chini yake. Marekebisho yalitolewa katika matoleo mawili: 2019.2.4 kwa waliokuwa katika mstari wa zamani, na 3000.2 kwa waliokuwa katika mstari mpya.

Linganisha sasa wateja wawili. Wa kwanza ana 2019.2.4. Wa pili ana 3000.1. Kwa macho ya kawaida, wa pili ndiye aliye mbele. Kwa kweli, wa kwanza alikuwa amekwisha kuzibiwa ufa huo, na wa pili alikuwa bado wazi.

Hatari hiyo haikubaki katika maandishi. Siku chache tu baada ya tangazo, mwanzoni mwa Mei 2020, seva za mradi wa LineageOS na za jukwaa la uchapishaji la Ghost zilivamiwa kupitia kasoro hiyo. Kwa Ghost, wavamizi walizitumia seva kuchimba sarafu za kidijitali. Waliochelewa walikuwa na siku, si miezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Namba ya zamani yenye marekebisho mapya

Upande wa pili wa jambo hili nao unafaa kujulikana. Wasambazaji wa mifumo endeshi, kama Debian, mara nyingi hawapandishi toleo zima. Huchukua marekebisho ya kiusalama na kuyatia ndani ya toleo walilonalo, kisha huongeza mkia kwenye namba. Kwa kasoro tuliyoieleza, Debian 10 ilitoa toleo 2018.3.4+dfsg1-6+deb10u1. Mwanzo wa namba unataja mwaka 2018, lakini mkia "deb10u1" unaonesha kuwa limefanyiwa marekebisho kwa ajili ya Debian 10, nayo yalitolewa Mei 2020.

Kwa hiyo usimlaumu fundi kwa kuona mwaka wa zamani tu, wala usimsifu kwa kuona namba kubwa tu. Omba namba kamili, pamoja na mkia wake.

7. Mambo ya kudai kabla ya kulipa

Tunakushauri uhakikishe kuwa mkataba au ankara yako inajibu maswali yafuatayo:

1. Namba kamili ya toleo ni ipi, hadi tarakimu na herufi ya mwisho? "Toleo jipya kabisa" si jibu, kwa kuwa jipya la leo si jipya la mwezi ujao.
2. Programu imetoka kwa watengenezaji wenyewe au kwa msambazaji wa mfumo endeshi?
3. Mstari huo wa matoleo utaendelea kupata marekebisho ya kiusalama hadi lini?
4. Nani anafuatilia matangazo ya kiusalama, na ataweka marekebisho ndani ya siku ngapi?
5. Kabla ya kupandisha toleo, nakala ya akiba itatunzwa wapi, na kazi itajaribiwa kwenye kompyuta ipi kwanza?

Baada ya kazi, mwombe fundi aandike amri ya kuonesha toleo mbele yako, kama vile `ansible --version` au `salt --version`. Ikiwa programu imetoka kwa msambazaji, aoneshe pia namba ya kifurushi chenyewe, maana mkia huonekana huko. Nakili matokeo, weka tarehe, na uyahifadhi pamoja na ankara. Ikitokea mgogoro, karatasi hiyo ndiyo itakayoonesha ulichopewa.

Jipime

*Swali la 1.* Kati ya 2.9 na 2.10, lipi lilitoka baadaye?
*Jibu.* 2.10.

*Swali la 2.* Ankara inasema Ansible 10, kioo kinaonesha 2.17. Je, kuna udanganyifu?
*Jibu.* Hapana. Furushi la 10 limebeba kiini 2.17.

*Swali la 3.* Fundi anasema, "Namba yetu ni kubwa kuliko ya jirani, hivyo tuko salama." Utamwuliza nini?
*Jibu.* Mwulize kama toleo hilo lina marekebisho ya kasoro iliyotangazwa, na akuoneshe tangazo linalolitaja toleo hilo. Asipoweza, subiri aweze kabla ya kusaini kuwa kazi imekamilika.