KUKOROMA NA KUKATIKA PUMZI USIKU



Jioni moja, baada ya somo la hesabu hapa Kaoze, mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mume wangu anakoroma, halafu ananyamaza kimya kama amekufa. Mara anashtuka kama mtu aliyekabwa. Wengine wanasema ni jinamizi. Je, ni ugonjwa?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Mume wake ni dereva wa lori. Hupanda na kushuka mlima wa Lyambalyamfipa na mizigo, kati ya Ntendo na Muze. Na mchana anasinzia.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini dalili za bwana huyo ni za ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini.

1. Pumzi hukatikaje?

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Ulimi huanguka nyuma, hasa tukilala chali. Hewa ikipita kwa shida, nyama laini za koo hutikisika. Ndiyo sauti ya kukoroma. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika. Ubongo hushtuka, mtu huzinduka bila kujua, huvuta pumzi kwa nguvu, kisha hulala tena.

Waganga huhesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ikikatika zaidi ya mara 30 kwa saa moja, ugonjwa ni mkali. Mtu huyo hata akilala saa 8, ataamka amechoka. Shinikizo la damu huweza kupanda. Akishika usukani, ni hatari kwake na kwa wengine.

2. Kifaa cha kinywani

Hebu fanya jaribio. Koroma kwa makusudi. Sasa sukuma taya la chini mbele, kisha jaribu tena. Unaona? Ni vigumu zaidi. Ulimi umeshikana na taya la chini. Taya likija mbele, ulimi hufuata, na njia ya hewa hufunguka.

Mwaka 1923 daktari Mfaransa, Pierre Robin, aliandika juu ya watoto wenye taya dogo ambao ulimi uliwaziba pumzi. Siku hizi daktari wa meno huchukua umbo la meno ya mgonjwa, ya juu na ya chini. Hutengenezwa vipande viwili vya plastiki vinavyoshika meno na kulivuta taya mbele kidogo kidogo. Huvaliwa usiku tu, wala hakihitaji umeme.

Kifaa hiki hufaa zaidi ugonjwa usio mkali. Kinahitaji meno ya kutosha na fizi nzima. Basi, piga mswaki! Mwanzoni mate hutoka na taya huuma. Baada ya muda meno yanaweza kusogea, kwa hiyo lazima kurudi kwa daktari. Usijitengenezee mwenyewe.

Ugonjwa ukiwa mkali, hutumika mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa Australia na Dakta Colin Sullivan. Habari zake zilitangazwa mwaka 1981.

Mtoto akikoroma kila usiku, mara nyingi ni mafindofindo yamevimba. Mpeleke kwa mganga.

3. Tufanye nini?

(a) Lala ubavu, usilale chali.
(b) Acha kimpumu na pombe nyingine jioni. Pombe hulegeza koo.
(c) Aliyenenepa sana apunguze uzito. Mvutaji aache tumbaku.
(d) Anzia zahanati au kituo cha afya. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Sumbawanga, au mbele zaidi.
(e) Dereva anayesinzia asiendeshe kabla ya kupimwa.

Kumbuka, mgonjwa mwenyewe hajui. Anayejua ni anayelala karibu naye. Mama yule alichukua daftari lake la kisomo. Usiku 3 aliandika saa, na mara ngapi pumzi ilikatika akihesabu polepole mpaka 10. Karatasi hiyo ndiyo mume wake aliyompelekea mganga. Kusoma na kuandika kumeingia mpaka chumbani.

Maswali

1. Kwa nini ulimi hufuata taya la chini?
2. Taja dalili 3 za ugonjwa huu.
3. Nani katika nyumba yako anakoroma na kunyamaza? Utamwambia nini kesho?